Willis Conover: Aliyesikika dunia nzima isipokuwa kwao

Mwaka wa 1959 ndege ilitua Warsaw, mji mkuu wa Poland. Ndani yake kulikuwa na Mmarekani mmoja mrefu, amevaa miwani ya fremu nene. Alipotazama nje aliona umati umejaa uwanjani, watu na kamera zao, wengine na maua. Jamaa akajua moja kwa moja kwamba kuna mheshimiwa fulani kwenye ndege hiyo, basi akasubiri ili mheshimiwa apite kwanza. Hakuna aliyepita. Umati ulikuwa wake.

Jina lake ni Willis Conover. Najua hulijui, na usijilaumu. Hata Wamarekani wenyewe, ukiwauliza mwaka huo barabarani kule New York au Chicago, wengi wangekutolea macho tu. Alikuwa mtangazaji wa redio, sauti yake ilikuwa maarufu Moscow, Havana, Warsaw na Budapest, na kwao ilikuwa haramu kisheria kumrusha hewani. Ngoja, tutafika hapo kwenye sheria. Kwanza nikueleze alisikikaje.

Kama nyumbani kwenu kuna redio kuukuu juu ya kabati, ile ya marehemu babu iliyofungwa kwa raba ili mawe yasianguke, itazame vizuri usoni. Utaona FM, utaona MW, halafu utaona SW1 na SW2. Hiyo SW ndiyo masafa mafupi. FM unayoisikiza ndani ya matatu inasafiri moja kwa moja, ikishakutana na mlima au umbali wa kilomita mia na kitu, imekwisha. Masafa mafupi yana tabia tofauti. Yanarushwa juu, yanafika kwenye tabaka la hewa lililochajiwa na jua, kuanzia karibu kilomita 100 kutoka ardhini kwenda juu, yanapindwa na kurudishwa chini mbali sana. Yakigonga ardhi au bahari yanaweza kuruka tena. Ndivyo sauti inavyotoka bara moja hadi jingine bila setilaiti wala waya.

Lakini si kama kufungua programu kwenye simu. Usiku mita hizi ndizo zinazoshika, mchana ni zile. Mita 31 na mita 49 zinapenda giza. Sauti inapanda na kushuka kama mawimbi pale Nyali, mara iko karibu sikioni, mara imezama. Unazungusha kitufe polepole kwa ncha ya kidole, unafunga kipande cha waya dirishani, unageuza redio kuelekea ukutani, unarudi. Kuna watu ambao hiyo ndiyo starehe yao, kukamata kituo cha mbali iwezekanavyo, kukiandikia barua ya jinsi kilivyosikika, na kungoja kadi ya kuthibitisha kwamba kweli umekinasa. Huku kwetu wazee walitafuta idhaa za Kiswahili kwa njia hiyo hiyo: BBC kutoka London tangu 1957, Sauti ya Amerika tangu 1962, na Deutsche Welle ya Ujerumani tangu 1963. Kwa hivyo ukiambiwa watu walikesha kumsaka Conover, elewa ni kazi ya mikono.

Alizaliwa Buffalo, jimbo la New York, Desemba 1920. Familia ilihamahama na yeye akawa mtoto wa shule nyingi, yule wa kuingia darasani katikati ya muhula. Mtoto wa namna hiyo hutafuta marafiki pengine. Yeye aliwapata kwa posta. Akiwa na miaka 15 alianzisha kijarida cha hadithi za kutisha na za sayansi, akamwandikia H. P. Lovecraft, yule mwandishi wa hadithi za mazimwi ambaye sasa michezo ya video na filamu hazimwachi apumzike. Mtu mzima yule alimjibu. Wakaandikiana kwa miezi kadhaa, barua ndefu, mpaka Lovecraft alipofariki Machi 1937. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Conover alizihifadhi barua zile, na mwaka wa 1975 akazitolea kitabu.

Naitaja hadithi hiyo kwa sababu maisha yake yote yalikuja kuwa hivyo, mazungumzo na watu wasioonekana.

Aliingia chuo cha walimu kule Salisbury, Maryland, lakini redio ikamchukua mapema. Kabla hajafika miaka 20 alikuwa tayari anatangaza katika kituo kidogo cha mji wa Cumberland. (Mimi na chuo pia hatukumalizana, kwa hivyo sehemu hii naipenda kuliko inavyostahili.) Mwaka wa 1942 jeshi lilimwita. Vita vilipokwisha akabaki Washington, kwenye kituo cha WWDC, akicheza rekodi na kutangaza bidhaa.

Washington ya wakati huo ilikuwa mji wa ubaguzi wa waziwazi. Mweusi alipiga saksafoni jukwaani halafu hakuruhusiwa kuketi kwenye meza ya ukumbi huohuo. Conover, Mzungu, alianza kuandaa maonyesho ya jazi mjini na akasisitiza kwamba wanamuziki na wasikilizaji wa rangi zote waingie pamoja. Baadaye watu walipomuuliza kwa nini jazi, hakuwa na haja ya hotuba ndefu. Aliuona ule muziki kama nchi inavyopaswa kuwa: mpo mnaokubaliana wimbo ni upi na unaenda kasi gani, halafu kila mmoja wenu ana uhuru wa kusema lake ndani yake.

Mwaka wa 1954 redio ya serikali, Voice of America, ilikuwa inatafuta mtu wa kipindi cha muziki. Wazo lilikuwa limesukumwa na Charles Bohlen, balozi wa Marekani mjini Moscow, aliyeona vijana wa Kisovieti wanavyoitamani jazi. Kumbuka huo ulikuwa wakati wa Vita Baridi. Redio za pande zote mbili zilikuwa zinarushiana propaganda usiku kucha, na baadhi ya wanasiasa wa Washington walinung'unika kwamba pesa ya mlipa kodi inaenda kwenye muziki wa starehe. Conover akapewa nafasi hata hivyo. Januari 1955 kipindi kikaanza. Kiliitwa Music USA, na kilifunguliwa kwa kibao cha bendi ya Duke Ellington kiitwacho Take the A Train.

Saa mbili, usiku sita kwa wiki. Habari kidogo, kisha muziki laini, kisha jazi. Na sasa sikiza jinsi alivyoongea, maana hapo ndipo penye ufundi wake. Sauti ilikuwa nzito, ya chini, na alitamka kila neno polepole kama mtu anayehesabu sarafu mezani. Polepole kiasi kwamba Mmarekani angedhani jamaa ana usingizi. Lakini hakuwa anaongea na Mmarekani. Aliongea na mtu aliye Kyiv ama Sofia, Kiingereza chake cha kuokoteza, redio inakoroma, sauti inazama na kuibuka. Ukiongea kwa kasi kwenye masafa mafupi, kila sauti ikizama unapoteza sentensi nzima. Ukiongea kama Conover, unapoteza neno moja na mengine unayabahatisha. Watu wengi walijifunza Kiingereza kwake kwa bahati tu. Walikuwa wanatafuta jina la mpiga tarumbeta.

Siasa hakuigusa. Hakuwatukana Warusi, hakuisifu Marekani. Alisema nani anapiga piano, nani ngoma, rekodi ilifanywa lini, kisha akanyamaza na kuuacha muziki. Aliwahoji wakubwa wote, Ellington, Louis Armstrong, Billie Holiday, na kuwaacha waongee. Fikiria unavyochoshwa na watangazaji wetu wanaopiga kelele juu ya wimbo tangu unaanza hadi unakwisha. Huyu alijua kunyamaza.

Upande wa pili wa mawimbi mambo yalikuwa mazito. Katika Muungano wa Kisovieti jazi ilikuwa imepigwa vita vikali mwishoni mwa miaka ya arobaini, saksafoni zikihesabiwa kama ala za adui. Rekodi za Magharibi hazikuuzwa dukani. Vijana wakabuni: walichukua picha za eksirei zilizotupwa na hospitali, wakazikata duara, wakazichonga mifereji ya sauti kwa mashine ya kujitengenezea, wakatoboa katikati kwa sigara. Unaweka kwenye gramafoni, muziki unatoka kwenye mbavu za mgonjwa usiyemjua. Naapa sijaitunga hiyo, sahani zenyewe bado zipo na watu wanazikusanya.

Na kulikuwa na mitambo ya kuzuia redio. Serikali ya Moscow ilijenga vituo vilivyorusha mngurumo kwenye masafa yaleyale ya redio za nje, ili ukizungusha kitufe usikie tu kitu kama kinu cha kusaga. Tangu 1948 matangazo ya Voice of America kwa Kirusi yalipigwa mngurumo. Lakini yale ya Kiingereza kwa sehemu kubwa yaliachwa. Kipindi cha Conover kilikuwa cha Kiingereza, kwa hivyo kikapenya.

Kijana wa Moscow au Leningrad basi anasubiri wazazi walale. Anainasa ile A Train ikiwa imefifia, labda kupitia mitambo ya kupokeza iliyokuwa Tangier kule Moroko. Akiwa na bahati ana mashine ya kurekodi ya utepe. Kesho yake anarudia wimbo huohuo mara ishirini, anaandika noti moja baada ya nyingine kwa kusikia, anajaribu na tarumbeta. Valery Ponomarev alikuwa mmoja wa vijana hao. Alijifunza jazi Moscow kwa redio na rekodi za kunakiliwa, akahama nchi miaka ya sabini, na mwaka wa 1977 alikuwa anapiga tarumbeta katika bendi ya Art Blakey, mojawapo ya bendi kubwa kabisa za jazi. Mpiga piano Adam Makowicz wa Poland alipita shule hiyohiyo. Huko Kuba, Paquito D'Rivera naye alikuwa anatega sikio. Mwandishi wa riwaya Vasily Aksyonov alikua na sauti hiyo. Hao ndio tunaojua majina. Makadirio yaliyotajwa sana ni wasikilizaji milioni 30 katika nchi za Ulaya Mashariki peke yake, na hadi milioni 100 duniani. Nani atawahesabu watu wanaosikiliza chini ya blanketi? Lakini vilabu vya mashabiki viliundwa katika makumi ya nchi, na barua zilimiminika.

Kwa hivyo ule umati wa Warsaw. Miaka minne alikuwa ameongea peke yake ndani ya studio ya Washington, mbele ya maikrofoni na sigara. Ukiongea namna hiyo hujui kama kuna mtu. Hakuna namba chini ya video, hakuna mtu wa kuandika nimekuwa wa kwanza. Kisha mlango wa ndege unafunguka na wapo, wana miili na nyuso, na wanamuziki wa Poland wamejiandaa kumpigia jazi waliyojifunza kutoka kwake. Mimi nikifikiria alivyojisikia pale kwenye ngazi nakosa la kuandika.

Ilitokea tena, na kwa hatari zaidi, mwaka wa 1967. Tallinn, Estonia, wakati huo chini ya Wasovieti, waliandaa tamasha la jazi na kualika kundi la Charles Lloyd kutoka Marekani, likiwa na kijana mmoja wa piano aitwaye Keith Jarrett. Conover naye alikuwepo. Wakuu walisitasita, wakaahirisha, wakatafuta kila sababu ya kuwazuia Wamarekani wasipande jukwaani. Mwishowe walipanda, na ukumbi ukapiga makofi dakika baada ya dakika hadi wakubwa wakatoa jasho. Rekodi ya usiku ule ipo. Baada ya hapo tamasha la Tallinn lilifungwa kwa miaka mingi. Lakini watu waliokuwa wamelisikia jina la Conover usiku kwa usiku walikuwa wamemwona kwa macho, na hilo halikufungika.

Sasa ile sheria. Mwaka wa 1948 bunge la Marekani lilipitisha sheria iitwayo Smith-Mundt, kuhusu matangazo ya serikali kwa nchi za nje, na kwa jinsi ilivyotekelezwa na kukazwa baadaye, vipindi vya Voice of America havikuruhusiwa kusambazwa ndani ya Marekani. Hofu ilikuwa ya maana kabisa: serikali isitumie redio yake kuwapikia propaganda raia wake yenyewe. Mimi hofu hiyo naielewa, na wewe uliyekulia hapa unaielewa pia. Lakini ilimwangukia mtu aliyekuwa anacheza rekodi. Mmarekani mwenye redio nzuri na subira angeweza kumkamata kwenye masafa mafupi kama mgeni yeyote. Wengine hawakujua kwamba yupo.

Halafu kulikuwa na suala la ajira. Miaka yote ile Conover hakuwa mfanyakazi wa kudumu wa Voice of America. Alifanya kwa mkataba, mwaka baada ya mwaka, kama vile wengi wetu tunavyofanya vibarua vya mtandaoni. Alipendelea hivyo, kwa sababu mtu wa mkataba alimiliki uamuzi wake: hakuna bosi wa kumwambia asicheze huyu, acheze yule. Bei ya uhuru huo ni kwamba marupurupu ya mwajiriwa wa serikali hayakuwa yake. Yeye alilipa bei hiyo kwa miaka zaidi ya 40. Sijui kama mtu wa kumsifu kwa hilo au kumwonea huruma, na kila nikilifikiria najikuta upande tofauti.

Mwaka wa 1969 Ikulu ya Marekani ilimfanyia Duke Ellington sherehe ya kutimiza miaka 70. Rais Nixon alimvisha nishani kubwa kuliko zote anazoweza kupewa raia, Nishani ya Uhuru. Aliyepanga muziki wa usiku ule, aliyewaita wanamuziki na kuendesha shughuli, alikuwa Conover. Marafiki zake walikuja kupigania kwa miaka kwamba naye apewe nishani hiyo. Bunge lilimtaja kwa heshima mwaka wa 1993. Nishani haikuja.

Nyumbani hakukuwa kuzuri sana. Alioa na kuachana zaidi ya mara moja. Sigara, ile iliyokuwa pembeni ya maikrofoni maisha yote, ilimlipa kwa saratani. Ilianza kumsumbua miaka ya themanini na ile sauti ikapungua, lakini aliendelea kurekodi vipindi. Ukuta wa Berlin ukaanguka, Muungano wa Kisovieti ukavunjika, na wasikilizaji wake wakaanza kununua rekodi madukani kama watu wengine. Yeye bado alikuwa studioni. Alifariki Mei 1996, Virginia, akiwa na miaka 75. Magazeti ya kwao yalilazimika kuwaeleza wasomaji alikuwa nani.

Sheria ya kuwazuia Wamarekani kusikia redio yao ililegezwa mwaka wa 2013, miaka 17 baada yake. Voice of America yenyewe ilipigwa breki Machi 2025, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani kwa amri ya rais, idhaa yetu ya Kiswahili ikiwemo. Masafa mafupi nayo yamebaki na vituo vichache kuliko zamani, ingawa ukiwasha ile redio ya babu usiku, mbali na taa za umeme na chaja zinazoleta mikwaruzo, bado utanasa Wachina, Waarabu na wahubiri wa lugha usizozijua.

Kanda za Conover zilipelekwa Chuo Kikuu cha North Texas, mjini Denton. Ni nyingi mno, pamoja na barua na picha. Baadhi zimewekwa mtandaoni na unaweza kuzisikiliza kwa bando la kawaida, safi kabisa, bila mngurumo. Hivyo sivyo mashabiki wake walivyomsikia. Ukitaka kumsikia kama wao, punguza sauti hadi karibu na mwisho, zima taa, halafu ongeza umakini.